Waliokufa Bila Silaha: Uzalendo na Kumbukumbu ya Msiba wa Taifa

Katika mafunzo ya itikadi hakuna somo linaloonekana jepesi kama somo la uzalendo. Mkufunzi huliweka saa za mchana, wakati usingizi umekwisha kuwashika wanafunzi, kwa sababu anajua kwamba kila mmoja ana majibu yake tayari. Uzalendo ni kuipenda nchi, ni kuilinda, ni kuwa tayari kuifia. Kada hukariri, mkufunzi hutia alama ya vema, na wote huenda kunywa chai. Nimelifundisha somo hilo hapa Babati kwa miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo sikuona upungufu ndani yake. Upungufu nilionyeshwa na mwanafunzi.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2024, wiki chache tu baada ya maafa ya Katesh. Tulikuwa tumefika kwenye sehemu ya mashujaa wa Taifa, na mimi nilikuwa ninaeleza Vita vya Kagera kama nilivyozoea kuvieleza. Kijana mmoja kutoka Wilaya ya Hanang, ambaye alikuwa amekosa masomo mwezi mzima kwa sababu ya msiba nyumbani kwao, alisimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, wale wetu wa Katesh ni mashujaa, au ni marehemu tu?"

Nilimjibu upesi. Nilimwambia kwamba shujaa ni yule aliyekabili hatari kwa kujua na kwa hiari yake, kwa ajili ya umma. Kwamba aliyefikwa na maafa akiwa amelala nyumbani kwake anastahili huruma na pole, lakini hilo ni jambo lingine. Jibu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa maandalio yangu ya somo. Kijana alikaa. Hakuuliza swali jingine mpaka mafunzo yalipomalizika. Nami nimekaa na swali lake tangu siku hiyo, na makala haya ni jibu langu la pili.

Hapana budi tuanze na Kagera, kwa sababu vita hivyo ndivyo vilivyotufundisha, sisi watu wa Tanzania huru, namna ya kuomboleza kama Taifa. Idi Amin alitwaa madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo wake, ambao makada wengi wanaukumbuka kwa yale uliyosema juu ya viongozi wenye kiburi. Lakini Mwongozo ule ulizaliwa katika hofu halali ya uvamizi: Wareno walikuwa wamekwisha ishambulia Guinea mwezi Novemba 1970, na sasa jirani yetu wa kaskazini alikuwa ameanguka mikononi mwa askari. Ndiyo maana ulisisitiza kwamba ulinzi wa nchi si kazi ya jeshi peke yake, bali ni kazi ya umma wenyewe, na mgambo ukapewa uzito mpya.

Miaka saba na miezi kadhaa baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalivuka mpaka. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni mali ya Uganda. Eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa. Ng'ombe walifukuzwa kwa maelfu kuvuka mpaka. Na watu waliuawa: wakulima wa migomba na kahawa, kina mama, wazee walioshindwa kukimbia. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu 1,500 hivi waliouawa au ambao hawakuonekana tena.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam, na kwa njia ya redio akaliambia Taifa zima, kwamba tutampiga, akataja sababu, nia na uwezo. Kila mtoto wa shule wa Tanzania anaijua hotuba ile hata leo. Chama Cha Mapinduzi kilikuwa hakijafikisha miaka miwili tangu kizaliwe tarehe 5 Februari 1977. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari. Vijiji vilitoa ng'ombe, mahindi, maharage. Mgambo waliitwa kutoka kila mkoa, na hesabu ya waliovaa sare, pamoja na polisi, magereza na vijana wa JKT, ikapanda kupita watu 100,000. Kampala ilikombolewa Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan.

Miongoni mwa mgambo wale alikuwamo baba yangu mdogo. Wakati ule Babati ilikuwa ndani ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Arusha. Katesh na sisi tulikuwa watu wa wilaya moja mpaka ilipogawanywa mwaka 1985, na Mkoa wa Manyara haukuwapo hadi mwaka 2002. Alichukuliwa kutoka kijiji kimoja kilicho chini ya Mlima Kwaraa akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Alirudi mzima. Sisi watoto tulimsumbua atusimulie mapigano, na yeye alikuwa akitusimulia jambo moja tu, lile lile kila mara. Walipovuka mto na kuingia katika vijiji vilivyokuwa vimetekwa, aliingia katika nyumba moja kutafuta maji. Chungu kilikuwa juu ya mafiga, ndani yake ndizi zimeoza. Mlangoni palikuwa na jembe limeegemezwa ukutani, udongo umekauka juu yake. Mwenye nyumba alikuwa nyuma, migombani. Alikuwa bibi mzee. Walimzika pale pale, na wakasonga mbele.

"Jina lake hatukulipata," alikuwa akimalizia hivyo, kisha anabadilisha mazungumzo.

Nilipokuwa mtoto hadithi hii iliniudhi. Nilitaka bunduki na vifaru. Yeye ananipa bibi na jembe. Nilipokwenda kusoma katika chuo cha makada, sikuiandika hata mara moja katika kazi zangu juu ya vita, kwa sababu sikuona mahali pa kuiweka. Leo ninaona kwamba ndiyo ilikuwa somo lenyewe.

Tutazame Taifa lilijenga kumbukumbu gani. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera, kwa hiyo jina lenyewe la mkoa ni ukumbusho. Askari wetu wengi waliokufa walizikwa Kaboya, Wilaya ya Muleba, na makaburi yale yanatunzwa. Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, na katika mnara huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, na shada la maua. Yote haya ni mema na ni wajibu. Nchi isiyowaenzi waliomwaga damu kwa ajili yake haitampata wa kuilinda kesho.

Lakini kada aliyefundishwa kuchambua hana budi kutazama pia kile ambacho hakimo. Katika zana zote zinazowekwa pale mnarani, jembe halimo. Hili ni jambo la kushangaza kidogo kwa nchi yetu. Bendera ya Chama ina jembe na nyundo. Ngao ya Taifa, ile ambayo watu huiita Bibi na Bwana, ina mkuki, na pamoja na mkuki ina jembe na shoka vilivyopishana. Pale waasisi wetu waliona kwamba mlinzi na mkulima hawawezi kutenganishwa. Katika kumbukumbu tumewatenganisha. Yule aliyekufa ameshika mkuki ana siku yake, ana makaburi yake, ana wimbo wake. Yule aliyekufa na jembe lake limeegemea mlangoni yuko migombani, na jina lake hatukulipata.

Kwa nini imekuwa hivyo? Ndugu mmoja, mkufunzi mwenzangu, anasema ni suala la hali halisi: jeshi lina orodha ya majina, kijiji hakina. Kuna ukweli ndani ya maelezo hayo, lakini hayatoshi. Kijiji kina mwenyekiti, kina balozi wa nyumba kumi. Palipokuwa na nia ya kuandika, majina yangepatikana. Mimi ninaona sababu ni ya ndani zaidi. Kumkumbuka shujaa huzaa sifa. Kumkumbuka aliyekufa bila silaha huzaa swali, na swali lenyewe ni moja tu: ilikuwaje? Mtu akisimama mbele ya kaburi la askari, atasema ahsante. Akisimama mbele ya kaburi la bibi yule, atauliza: mbona mpaka ulikuwa na walinzi wachache, na Mwongozo ulikuwa umekwisha kuonya miaka saba kabla? Mbona hakuondolewa mapema? Nani alipaswa kujua? Haya si maswali ya adui. Ni maswali ya mwenye nyumba. Hata hivyo kada mvivu huyaogopa, naye hujificha nyuma ya mashujaa, jambo ambalo mashujaa wenyewe hawakulitaka.

Na swali hilo, ukilianza, halisimami mpakani. Januari 1979 askari wetu walipouteka mji mdogo wa Mutukula, upande wa Uganda, waliubomoa kwa hasira ya yale waliyoyaona Kagera, na wako raia waliokufa pale. Mwalimu alichukizwa, na amri ikatolewa kwamba raia na mali zao wasiguswe. Ninalitaja jambo hili darasani siku hizi, ingawa wapo wanaoniambia kwamba linapunguza utukufu wa ushindi. Mimi naona linauongeza. Amri ile ilitolewa na mtu aliyefahamu kwamba bibi wa Mutukula na bibi wa migombani ni wamoja.

Sisemi kwamba hatujawahi kabisa kuwakumbuka raia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu 800 waliokufa. Wengi wamezikwa pamoja Igoma, na pana mnara. Lakini angalia ni nani anayeukumbuka. Ndugu na majirani wa Mwanza na Kagera wanaijua tarehe hiyo. Mwanafunzi wangu wa Babati haijui, wala haimo katika mtaala wa somo la uzalendo. Na tuikumbukeje? Meli ile ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Anayeikumbuka kwa dhati ni yule nahodha, karani wa tiketi au ofisa wa bandari ambaye leo, mwaka huu, anakataa kumpandisha abiria wa ziada, hata akitukanwa. Mtu huyo hakushika mkuki. Hajulikani. Ukiniuliza mimi, ni mzalendo kuliko wengi tunaowapa nafasi jukwaani.

Sasa tufike Katesh.

Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa ya vuli ile, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na unasimama peke yake juu ya uwanda. Sisi wa Babati, siku ya anga safi, tunauona tukielekea upande wa magharibi. Wataalamu wa miamba walieleza baadaye kwamba haikuwa volkano kuamka, kama watu walivyohofu. Ni mwamba laini ulionyonya maji mpaka ukashindwa kujishikilia, ukawa tope. Tope lile lilifuata mkondo wa mto likibeba magogo na mawe makubwa, likapita vijijini na kuingia katikati ya mji wa Katesh, wakati baadhi ya watu wamelala na wengine wanajiandaa kwenda kanisani. Gendabi, Jorodom na Katesh yenyewe zilipata pigo kubwa. Watu 89 walikufa. Zaidi ya mia moja walijeruhiwa.

Tulikwenda na wanafunzi kusaidia. Sitaeleza mengi niliyoyaona. Nitasema tu kwamba niliona askari wa JWTZ, mgambo, vijana wa Msalaba Mwekundu, wafanyabiashara wa sokoni, wafugaji wa Kibarabaig na wakulima wa Kiiraqw wakichimba tope lile lile kwa zana zile zile, na zana iliyokuwa mikononi mwa wengi ilikuwa jembe na koleo. Hakuna aliyeuliza kabila wala dini. Magari ya msaada yalitoka mikoa ambayo wengi wetu hatujawahi kufika. Siku sita baadaye ilikuwa tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru. Sijawahi kuielewa siku hiyo kama nilivyoielewa mwaka ule, nikiwa na tope kwenye viatu.

Uko upande mwingine wa jambo hili ambao kada hana budi kuuona. Siku maporomoko yalipotokea, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai katika mkutano wa dunia juu ya hali ya hewa. Alikatisha safari, na tarehe 7 Desemba alikuwa Katesh. Siku ya kwanza ya mkutano ule, tarehe 30 Novemba, mataifa yalikuwa yamekubaliana kuanzisha kazi za mfuko wa kufidia hasara na uharibifu katika nchi maskini. Nchi zilizotajirika kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta kwa karne mbili zinaahidi. Mkulima wa Gendabi, ambaye moshi wake wote ni wa mafiga matatu, analipa kwanza. Mbeberu wa zamani alikuja na bunduki. Deni hili la sasa huja na mvua, nalo ni gumu zaidi kulichorea katuni. Lakini tusilitumie kama kichaka. Kama tungemlaumu mzungu peke yake, tungekuwa tunakwepa maswali yetu wenyewe: nani aliruhusu nyumba na maduka yasogee mpaka kwenye mkondo wa maji ya mlima? Miti ya miteremko ile iko katika hali gani? Tulipopanga mji, tulimsikiliza mzee anayejua maji yalipita wapi zamani? Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi Ziwa Babati lilipofurika mwaka 1990 na kuingia mjini kwetu. Wazee walikuwa wametuambia. Leo nikipita karibu na ziwa naona kuta mpya za matofali mahali ambapo nilivuka kwa miguu, maji yakiwa kifuani.

Serikali imejenga nyumba zaidi ya mia moja katika eneo la Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Hiyo ni kazi ya kujivunia, na ndiyo aina ya kumbukumbu ninayoizungumzia: ukumbusho ambao mtu anaingia ndani yake na kulala bila kuogopa mvua.

Nimewahi kupingwa. Ndugu mmoja alinisomea somo zima katika semina: tukimwita kila aliyekufa shujaa, neno litapoteza thamani, na vijana wataona hakuna tofauti kati ya aliyejitoa na aliyepatwa. Nakubaliana naye kabisa. Sitaki waitwe mashujaa. Kosa la jibu langu la kwanza halikuwa kukataa neno shujaa. Lilikuwa kukubali lile neno "tu". Marehemu tu. Kwetu, mtu anapozikwa, msemaji wa familia husimama kabla watu hawajatawanyika akatangaza: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, afike kwa familia. Hatuulizi kama marehemu alikuwa shujaa. Tunauliza habari ya deni. Taifa nalo, linapomzika mwananchi aliyekufa kwa maafa ambayo yangeweza kupunguzwa, liko upande wa wanaodaiwa, na mahali pake ni kwenye lile tangazo.

Nasema hivi nikiwa mtoto wa deni. Vita viliigharimu nchi mamia ya mamilioni ya dola, bei ya mafuta ilipanda mwaka ule ule wa 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kufa mwaka 1977, na Mwalimu akatuomba tufunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Mimi nilizaliwa mwaka 1980, ndani ya miezi hiyo, ambayo baadaye ikawa miaka. Nimekulia katika foleni ya sabuni. Mama hakulalamika juu ya vita, lakini alikuwa akisema kwamba sisi tulilipia, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza.

Mwaka uliofuata darasa letu lilianzisha daftari, la kawaida la kurasa mia mbili. Wanafunzi wanaotoka Hanang wanaporudi likizo wanaandika, kwa ruhusa ya familia, jina la aliyekufa, kazi aliyokuwa akifanya, na mahali nyumba ilipokuwa. Kazi aliyokuwa akifanya ndiyo safu inayojaa haraka: mkulima, mama lishe, mwanafunzi, fundi cherehani, mkulima, mkulima. Kijana aliyeniuliza swali ndiye aliyeandika mstari wa kwanza. Daftari halijakamilika, na baadhi ya familia hazijawa tayari, nasi tunasubiri.

Baba mdogo alikuja mjini mwezi Julai kwa ajili ya Siku ya Mashujaa, amevaa koti lake. Nilimwonyesha daftari. Alilisoma polepole, bila miwani, akifuata kwa kidole. Kisha akauliza kama linahusu Katesh peke yake. Nilimwambia kwamba sivyo lazima. Akaomba kalamu, akaandika "mkulima", na mbele yake "Kagera, ng'ambo ya mto". Safu ya jina aliiacha wazi.